Maji ya Buluu Niliyoyamwaga Dirishani

Chamgei, Madam.

Ungenijibu "mising," halafu ungeniuliza mbona nimepotea. Wiki tatu zilizopita mwaka wako ulitimia, na watu wako wakafanya ibada ya kumbukumbu huko kwako Kimulot. Walinitumia ujumbe nije niseme machache kwa niaba ya walimu. Nikawajibu kwamba nina homa. Sikuwa na homa yoyote. Nilikuwa nimejifungia kwa nyumba yangu hapa senta, nawasikia watu wakipita barabarani na viti vya kanisa vichwani, na mimi nimekaa kitandani na viatu miguuni. Ningesimama vipi kando ya kaburi lako niseme kwamba darasa lako liko salama?

Haliko salama. Wacha niseme mapema, maana unanijua mimi kwa kuzunguka. Nilimwita mtoto mwongo mbele ya wenzake na mbele ya wageni, na mtoto alikuwa anasema kweli. Ni Chepkemoi. Unamkumbuka, yule aliyekuwa anavaa jesi ya kaka yake, mikono imekunjwa mara mbili, na akiuliza swali anaanza na "lakini." Alikuwa Gredi ya Nane ulipoondoka. Sasa yuko Gredi ya Tisa, na kwa zaidi ya mwezi hakuuliza swali hata moja. Kila nikimtaja alikuwa na jibu moja tu: "Sijui, mwalimu." Alisema kwa heshima kabisa, na macho chini.

Na nilikuahidi, Madam. Pale wadi, ukiwa umevaa ile kofia ya sufu, ulinishika kidole, si mkono, kidole tu, ukaniambia, "Karanja, usiniharibie watoto." Nikasema sitaharibu. Nilijibu haraka hata, kama mtu anayeulizwa kama ameshakula.

Habari za shule kwanza, ili nipate nguvu. Dawati lako alipewa mwalimu wa Kilimo. Mimi nililitaka nikaona haya kuliomba. Maabara bado ni lile darasa la mwisho lenye dirisha lisilofunga, na ukungu bado unaingia asubuhi mpaka watoto wa nyuma wanaandika wakipuliza vidole. Mwalimu mkuu amenenepa. Tumejengewa tangi kubwa la simiti nyuma ya darasa, limekamilika juzi juzi tu, na watoto hawabebi tena maji ya mtoni siku ya Ijumaa. Ng'ombe wako amezaa. Ni jike. Mwanao Kibet alinionyesha picha kwa simu akitabasamu kama yeye ndiye aliyezaa.

Unakumbuka nilivyokuja? Mwalimu mwanagenzi, mtoto wa wauza viazi wa Kedowa, nimevaa suti ya harusi ya mjomba, sijui neno hata moja la Kikipsigis. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Reo tutajifunza kuhusu serri." Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Sisi watu wa kwetu ulimi ukiogopa unachanganya l na r, unajua. Wewe ulikuwa umekaa nyuma. Hukuwagombeza, wala hukunirekebisha. Ulisema tu, "Tumesikia, mwalimu. Endelea." Wakanyamaza. Nikaendelea.

Na ile ya jesi! Wiki yangu ya pili nikawaambia watoto kwa sauti ya mtu mwenye digrii kwamba jesi ya sufu hutoa joto. Nikaona mkono umeinuka nyuma. Mkono wako, Madam, kama mwanafunzi. "Mwalimu, mimi sina hakika na hilo. Tunaweza kujaribu?" Tukachukua kipimajoto, tukakifunga ndani ya jesi tatu, tukakiweka juu ya meza, tukangoja kipindi kizima. Hakikupanda hata mstari mmoja. Nilitamani sakafu ipasuke niingie. Halafu ukageukia darasa ukasema, "Mwalimu ametuletea swali zuri sana. Mpigieni makofi." Wakapiga. Mimi nilikuwa nimekasirika, haki ya Mungu, nilikuwa nimeamua kurudi Kedowa jioni hiyo hiyo kuuza viazi. Saa ya chai ulinimiminia kikombe, ukaniwekea sukari tatu. Wiki iliyofuata watoto waliniuliza maswali mengi kuliko mwalimu yeyote. Sikuelewa sababu. Nilidhani ni kwa kuwa mimi ni kijana.

Pale ofisini mtu akisema "mtoto huyu hawezi," ulikuwa unaongeza neno moja bila kuinua kichwa kutoka kwa madaftari. "Leo." Basi. Mwalimu wa Hisabati alikuwa anakasirika. "Hawezi kabisa, Madam." Na wewe, "Leo." Tulikucheka, tukakuigiza ukitoka nje. Siku hizi hakuna anayesema, na nilivyo mwoga sijathubutu kulisema mimi.

Badala yake nilienda semina. Muhula uliopita tulipelekwa siku mbili Kericho mjini kufundishwa jinsi ya kuwafanya watoto waamini kwamba akili hukua kwa bidii na kwamba kukosea ni sehemu ya kujifunza. Nilikaa pale najiambia, haya si ndiyo ya Madam, ila wao wameyawekea picha ukutani? Nilipata cheti. Nilirudi nikachora bango kubwa kwa rangi tatu, AKILI HUKUA, MAKOSA YANAFUNZA, nikalibandika juu ya ubao, nikajipiga picha nalo. Naona hata aibu kuandika hiyo sehemu ya picha. Chini ya bango hilo hilo ndipo nilipofanya nililofanya.

Ilikuwa hivi. Wageni kutoka ofisi ya elimu walikuwa waje kuangalia somo langu la sayansi. Mwalimu mkuu aliniita pembeni akaniambia ripoti yao itaingia kwenye faili yangu, na kwamba mwanagenzi anayetaka kuajiriwa kabisa hawezi kupata nafasi nzuri kuliko hiyo. Nikapanga somo la asidi na besi. Nilitaka liwe la huku kwetu, kama ulivyonifundisha, nisiwaletee mambo ya vitabuni ambayo hawajawahi kuyaona. Nikawaambia kila mmoja alete udongo kutoka shamba la chai la kwao, auchanganye na maji kwenye chupa ya jemu, auache utulie, na hayo maji ya juu tuyatie kwenye maji ya kabeji nyekundu, ambayo asidi huyageuza nyekundu na besi huyageuza buluu. Chai inapenda udongo wenye asidi. Kila mtoto wa huku anajua hilo hata kabla ya kwenda shule. Kwa hivyo chupa zote zingegeuka nyekundu, na wageni wangefurahi.

Sasa sikia ujinga wangu. Nilijua jibu, kwa hivyo siku iliyotangulia nilichora chati ya matokeo nikaijaza kabisa. Majina ya watoto wote, na mbele ya kila jina doa la kalamu nyekundu. Chati ilikuwa imebandikwa ukutani kabla mtoto yeyote hajafungua chupa. Wewe ungeichana. Ungeichana polepole, mbele yangu, ukiimba wimbo wa kanisa.

Wageni wawili, mama mmoja na mzee mmoja, walikaa nyuma pale ulipokuwa ukikaa. Chupa zikaanza kugeuka. Nyekundu, nyekundu, waridi, nyekundu. Nikawa natembea kati ya meza kifua mbele. Nikafika kwa Chepkemoi. Chupa yake ilikuwa buluu, inaelekea kijani. Buluu safi kabisa, Madam, ilikuwa nzuri kutazama.

Yule mama mgeni akauliza kutoka nyuma, hiyo nayo vipi? Darasa zima likageuka. Nikamuuliza Chepkemoi ameosha chupa kwa kitu gani, kwa sababu nilidhani imebaki na sabuni. Akasema ameosha kwa maji ya mvua, na kwamba amejaribu mara nyingi nyumbani na kila mara inakuwa "puluu." Unajua vile anavyotamka, kama nusu ya darasa. Na mimi, mtoto wa "reo" na "serri," nikarudia. Nikamwambia, "Inakuwa puluu?" Nikalivuta hilo neno, puuuluu, mbele ya watu. Darasa likacheka. Mzee mgeni naye akacheka.

Akasema, "Lakini mwalimu..." Nikamkata. Nikamwambia kwamba udongo wa chai hauwezi kuwa hivyo, kwamba amechota jivu jikoni kwa nyanya yake ili aonekane tofauti, na kwamba sayansi haitaki uongo. Nikachukua ile chupa mkononi mwake. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili na hakuiachilia mara moja, ikabidi nivute. Nikaimwaga dirishani. Halafu nikamwambia anakili matokeo ya jirani yake.

Akanakili. Aliandika "nyekundu" kwa hati yake nzuri, akafunga daftari, akaweka mikono juu yake.

Wageni waliniandikia ripoti nzuri. Mwalimu anajua somo lake na ana udhibiti wa darasa, waliandika. Mwalimu mkuu aliisoma kwenye gwaride la Ijumaa na watoto wakapiga makofi. Nilimtafuta Chepkemoi kwenye mstari. Alikuwa anapiga makofi pia, kama wengine.

Baada ya hapo ndipo "sijui" ilipoanza. Mwanzoni nilijiambia ni utoto, atasahau. Halafu zikaja fomu za kuchagua njia ya kufuata wakienda sekondari ya juu. Wewe na mimi tulijua mtoto huyo angechagua sayansi, si uliniambia mwenyewe nimwangalie kama yai? Siku moja nilikuwa napita nyuma ya madarasa nikamsikia rafiki yake akimuuliza atachagua nini. Chepkemoi alisema, "Chochote. Mimi si mtu wa sayansi." Hakuwa na huzuni hata. Alisema kama mtu anayetaja kabila lake.

Madam, nilisimama pale ukutani. Maneno hayo hakuzaliwa nayo. Ni mimi niliyempa.

Ungedhani basi nilienda kumwomba msamaha siku hiyo. Sikuenda. Nilingoja. Nilimpa kazi ya kugawa madaftari, nikamsifu kwa kitu kidogo, nikamwambia ameandika vizuri. Alisema asante. Nilikuwa natafuta mlango wa nyuma wa kuingilia, kwa sababu ule wa mbele ulikuwa unanitaka niseme kwamba mimi ndiye mwenye makosa.

Kilichonipeleka kwao ni fomu. Wote walirudisha zikiwa na sahihi ya mzazi, isipokuwa yeye, na mwalimu mkuu akaniambia nifuatilie. Jumamosi nikapanda kule juu, upande wa msituni, anakoishi na nyanya yake. Nilimkuta nyanya huyo ndani ya chai, kikapu mgongoni, anachuna kwa mikono miwili bila kuangalia. Kila mtu anamwita kogo, yaani nyanya, basi na mimi nikamwita kogo. Chepkemoi alikuwa ameenda kupeleka majani kituoni. Nikamwambia kogo nitangoja.

Nilipokuwa nangoja nikaona. Katikati ya shamba, kati ya chai ya kijani kibichi ile ya kung'aa, palikuwa na mduara. Mkubwa kama nyumba. Chai ya mle ndani ilikuwa ya njano, fupi, majani yamejikunja, na mashina mengine yamekufa kabisa. Nikamuuliza kogo hapo pana ugonjwa gani. Akacheka mpaka akashika kiuno. Akaniambia si ugonjwa, ni nyumba. Hapo ndipo palikuwa nyumba ya mama mkwe wake, ya udongo na nyasi, na baadaye yake yeye mwenyewe alipoolewa, kabla hawajapanda chai. Walipika hapo miaka na miaka, na jivu lote la moto lilimwagwa hapo hapo nyuma ya ukuta. Nyumba ikabomolewa, chai ikapandwa juu, na chai haijawahi kupenda mahali hapo hadi leo.

Jivu, Madam. Jivu la wanawake wawili, limo ndani ya udongo hadi leo. Na mimi nimezaliwa Kedowa, nimekua nikipita kando ya chai maisha yangu yote, nimeyaona mabaka kama hayo na sikuwahi kuuliza. Nilijua udongo wa chai ni asidi, basi.

Halafu kogo akasema neno lililonimaliza. Alisema Chepkemoi naye alimuuliza hayo hayo, muhula huu, akapima kwa hatua, akachimba katikati ya mduara, akachimba pembeni, akachimba mbali, akaweka chupa tatu dirishani. Akajaribu tena na tena mpaka kabeji ikaisha, kogo akamgombeza kwa sababu ilikuwa ya kupika. Asubuhi ya siku ile ya wageni alichukua ya katikati peke yake. Kogo alimuuliza mbona anabeba moja. Akasema, "Nampelekea mwalimu swali."

Sikumngoja arudi. Nilichota udongo wa pale nikaufunga kwa leso, nikashuka mlima karibu nikikimbia. Nyumbani nikajaribu kwa maji ya mvua yaliyokuwa kwenye ndoo yangu. Ikawa buluu. Nikakaa chini sakafuni nikalia, mtu mzima, na kamasi zikanitoka. Unaniuliza kwa nini sikulia ulipokufa? Sijui. Labda yote yalikuwa yanangoja hapo.

Jumatatu, kipindi cha baada ya chakula cha mchana, nilisimama mbele yao. Niliitoa ile chati ukutani. Nikasema wazi kwamba niliijaza kabla hawajafanya kazi, kwamba Chepkemoi alisema kweli, kwamba nilimwita mwongo na nikacheka ulimi wake, na mimi mwenyewe nina ulimi. Nikasema, "Chepkemoi, naomba unisamehe." Hata wale wa nyuma, ambao unawajua, waliweka kalamu chini. Yeye alikuwa anaangalia meza. Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe.

Nikaona basi niwaonyeshe. Nikachukua udongo wa kogo, nikatia maji kutoka tangi letu jipya, nikatikisa, tukangoja, nikamimina kwenye kabeji. Ikawa buluu! Nikaiinua juu kama kombe. Nikasema mnaona? Nilikuwa karibu kulia tena kwa furaha, nikidhani nimelipa deni.

Na hapo, Madam, ndipo nikasikia.

"Lakini mwalimu, hujapima maji yenyewe."

Alikuwa bado anaangalia meza. Alisema kama amelazimishwa, kama mtu anayeona mwenzake akimwaga unga na hawezi kunyamaza. Nikamwambia sijaelewa. Akainua kichwa. Akasema hayo maji ni ya tangi la simiti, na tangi ni jipya, na simiti ina chokaa, kwa hivyo huenda ni maji yanayogeuza rangi wala si udongo. Akasema kabla ya kujaribu udongo wowote ni lazima kwanza utie maji peke yake, bila kitu.

Nikatia maji peke yake kwenye kabeji. Yakawa buluu.

Darasa likapiga kelele, eee! Na mimi nilisimama pale mbele, na chupa mbili mikononi, nimekosea tena. Nilikuwa natumia jaribio bovu kumwombea msamaha. Kama ningekuwa peke yangu, ningeenda nikaiambia dunia nzima kwamba mtoto yuko sawa, na sababu yangu ingekuwa ya bure. Sikuigiza, nakuapia. Najua wewe ungeweza kufanya hivyo makusudi ili mtoto azungumze. Mimi nilikosea tu.

Nikamwambia, "Njoo uchukue." Nikaenda nikakaa mahali pake. Benchi lile ni fupi, magoti yalinigonga meza. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile yetu ya kila mchana, na mabati yakawa yanapiga kelele mpaka ikabidi apaze sauti. Akawatuma wawili waweke sufuria chini ya mtiririko wa paa. Akangoja maji ya kwanza yapite kwa sababu yanabeba uchafu wa mabati. Akapima maji ya mvua peke yake: zambarau, haikubadilika. Akapima udongo wa bustani ya shule: nyekundu. Akapima wa kogo. Buluu, ya kuelekea kijani, kama siku ile. Alisema "puluu," na mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Nilitaka kusimama, lakini aliwahi. Akasema, "Mmesikia. Tuendelee." Sijui hayo aliyatoa wapi. Sikuwahi kumsimulia mtu. Labda watoto wale walikuwa wanakutazama wewe siku zote nilipodhani wananitazama mimi.

Ningependa kuishia hapo. Ungenipenda nikiishia hapo. Lakini kengele ilipolia walitoka wote, na yeye akabaki mlangoni na begi lake. Akaniuliza, "Na wale wageni? Watajua?"

Nikamwambia tutaona. Tutaona! Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwenye mvua.

Kwa sababu wageni waliondoka wakijua kuna mtoto mwongo shuleni kwetu, na kwamba mwalimu wake ni hodari. Hayo yote mawili yako kwenye karatasi, na karatasi iko kwenye faili yangu, na faili hiyo ndiyo itakayonipa kazi ninayoisubiri tangu uliponifundisha kushika chaki. Mama yangu ameshawaambia watu wa kanisa lake Kedowa kwamba naajiriwa. Nilizunguka na jambo hilo Jumanne nzima, na hiyo ndiyo siku niliyoanza kukuandikia barua hii. Leo ni Jumatano, saa kumi hivi, ofisi imebaki na mimi na mfagiaji.

Kabla ya kuimalizia hii nimeandika barua ingine, ya ofisi ya elimu. Nimewaeleza kuhusu chati, kuhusu mduara wa kogo, kuhusu jaribio la Jumatatu na aliyelisahihisha. Niliandika kwamba nilidhani mwanafunzi alikuwa anadanganya, na kwamba nimegundua baadaye nilikosea. Ilikuwa barua nzuri. Nikaona ni haki yake kuiona kwanza, nikamwita leo baada ya masomo, akaisoma amesimama. Aliisoma yote. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, hapo kwenye "nilidhani," akaniuliza kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote:

"Mwalimu, ulidhani kweli, ama uliogopa?"

Hata kwako, Madam, kurasa tatu nyuma, nimeandika kwamba nilidhani ni sabuni. Rudi usome. Sikudhani. Nilipoiona ile buluu na kumtazama usoni, nilijua hapo hapo kwamba mtoto huyu hasemi uongo. Unajua uso wake, hauwezi kuficha kitu. Nilijua kuna jambo katika ile chupa nisilolielewa, na kwamba kama ningesema "sielewi" wageni wangeandika kwamba mwalimu haelewi. Nikamchagua yeye awe mwongo ili mimi niwe hodari. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo cha shati.

Nikamjibu, "Niliogopa." Akasema, "Basi andika hivyo." Akaniaga, akaenda nyumbani. Fomu yake iko begini mwake, haijajazwa, na mwisho ni Ijumaa. Sijamuuliza atachagua nini, na sitamuuliza. Nimeshachukua ya kutosha mikononi mwake.

Nimeandika upya. Kesho asubuhi, kabla ya gwaride, nitaipeleka mwenyewe hadi ofisini nisubiri waipokee mbele yangu, na nakala nitaweka mezani kwa mwalimu mkuu. Wakiniacha, nitabaki. Wakinifukuza, Kedowa viazi vipo. Lakini Jumamosi, niwe mwalimu au nisiwe, darasa lako linapanda kwa kogo na majembe, na chati itaenda tupu. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na mara hii sijaisema haraka.

Pumzika, mama. Nitakuja kukuona Jumamosi hiyo tukishuka, nikiwa na matope miguuni. Usinitetee kwa mtu yeyote huko uliko. Wakikuuliza kuhusu mimi, waambie nilijua, na nikamwaga.

Karanja